Magazeti ya picha ya Marekani ya karne ya 19: lipi ununue, na kwa nini uanze na mkunjo wa katikati

Malalamiko ya wasomaji kuhusu magazeti ya zamani ya Marekani yamekuwa yaleyale. Mtu kaiona mnadani mtandaoni picha ya kurasa mbili ya msanii Winslow Homer, kalipa, kasubiri mzigo. Kaja kuufungua, pale kurasa zinapokutana pana ufa, au ukanda wa selotepu uliogeuka rangi ya chai, au mtoto wa kwenye picha kakatika mkono. Akimuuliza muuzaji, anajibiwa kuwa kitu kina miaka 150, alitaka kiweje? Jibu hilo ni la ujanja. Umri hauli katikati ya picha na kuacha kingo salama. Mara nyingi kuna mtu aliyeikata.

Kwa hiyo hapa sitahangaika na madoa ya kahawia, harufu ya stoo, wala pambizo iliyochanika. Hayo muuzaji huyaandika na wewe unayaona. Nitakaa kwenye mkunjo.

Mkunjo unavyoliwa

Toleo la kawaida la Harper's Weekly, gazeti la picha la kila wiki, lina kurasa 16, kila ukurasa una sm 28 kwa 40 hivi. Picha kubwa iliwekwa ukurasa wa 8 na wa 9, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee ambapo kurasa mbili zinazotazamana zimo kwenye karatasi moja isiyokatwa. Toleo lililobaki kama lilivyotoka mtamboni lina alama ya kukunjwa tu.

Shida ni kwamba mengi yaliyosalimika yalisalimika kwa kujalidiwa, matoleo ya mwaka mzima pamoja. Fundi jalada alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha uzi ndani ya mkunjo wenyewe: yanabaki matundu machache madogo, basi. Ya pili, ambayo ni ya haraka, ni kutoboa rundo lote kwa ubavuni na kulishona kama gunia. Kwa njia hii, kati ya picha kunazama ndani ya mgongo wa jalada. Miaka mingi baadaye anatokea mfanyabiashara anayetaka kuuza ukurasa mmoja mmoja, anaweka juzuu kwenye mashine ya kukatia karatasi na kuutoa mgongo. Karatasi moja inakuwa mbili, na milimita 5 hadi 10 za kila upande zinaishia kwenye pipa la taka. Akiziunganisha tena, umepungukiwa na sentimita moja hadi mbili za picha, tena palepale macho yanapotua.

Kuna hesabu ndogo ya kukusaidia kabla ya kulipa. Namba za kurasa ziliendelea mwaka mzima, toleo hadi toleo. Chukua namba ya ukurasa wa kushoto, gawanya kwa 16. Salio likiwa 8, hiyo ni karatasi ya katikati, na ilitakiwa kuwa nzima. Mfano: picha ya Homer ya wavulana wanaocheza mchezo wa kuvutana wameshikana mikono, Snap-the-Whip, ya Septemba 20, 1873, imo ukurasa wa 824 na 825. Mara 16 kwa 51 ni 816, salio 8. Ukiletewa vipande viwili, ujue vimekatwa, hata muuzaji aapeje. Yule mdunguaji wake aliyepanda mtini, wa Novemba 15, 1862, yuko ukurasa wa 724, salio 4: huo ni ukurasa mmoja, mkunjo haumhusu. Hesabu hii inafanya kazi vizuri kwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865). Miaka ya 1870 nyongeza zilizopachikwa ndani zinaweza kuivuruga, basi hapo tegemea vipimo.

Vipimo ni hivi. Maktaba ya Bunge la Marekani na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York wameweka bure mtandaoni picha safi za michongo hii, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Fungua ya kwao, pima upana wa mchoro kwenye skrini ukigawanya kwa kimo chake. Fanya hivyohivyo kwa picha ya muuzaji, mradi imepigwa kutoka juu bila kuinama. Mchoro wa kurasa mbili una kimo cha sm 34 hivi, kwa hiyo tofauti ya 0.03 kwenye jibu lako ni kama sentimita moja iliyopotea. Hapo ama anapunguza bei sana, ama unamwachia picha yake.

Lakini usimwonee muuzaji kwa kosa lisilo lake. Utaona mistari myembamba myeupe inayokatiza picha wima na mlalo, kama vigae vya sakafuni. Hiyo ni halali. Picha zilichongwa kwenye boksiwudi, mti mgumu ambao shina lake ni jembamba, na mchongaji alichonga upande wa kichwa cha gogo, si ubavu. Ili kupata picha kubwa, vibao vingi viliungwa kwa skrubu nyuma, na kazi ya haraka ilipofika vikafunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikafungwa tena. Pale vilipokutana wino haukufika vizuri. Kutofautisha ni rahisi: inua karatasi mbele ya taa. Kiungo cha kibao hakipitishi mwanga zaidi ya sehemu nyingine, ila mkato wa kisu utauona unang'aa. Wapo wauzaji wanaouita mkato "kiungo cha kibao". Mwambie akupigie picha ya nyuma. Nyuma ya ukurasa wa 8 kuna wa 7, nyuma ya wa 9 kuna wa 10, maandishi au michoro midogo. Gundi yote na viraka vyote vimejificha huko.

Orodha yangu, kuanzia bora

*1. Harper's Weekly, toleo zima, 1861 hadi 1875 hivi.* Sifichi, hili ndilo gazeti langu. Lilianza New York mwaka 1857, na karatasi yake ya miaka ya vita ilitengenezwa kwa matambara, kwa hiyo hata leo unaifungua inalainika mkononi badala ya kukatika. Wasanii wake hawana mfano: Homer upande mmoja, mchora katuni Thomas Nast upande wa pili. Toleo la Januari 3, 1863 lina Santa wa Nast aliyewatembelea wanajeshi kambini kwenye ukurasa wa kwanza, na katikati, ukurasa wa 8 na 9, mkesha wa Krismasi wa mke nyumbani na mume vitani. La Novemba 7, 1874 lina tembo wake wa chama cha Republican. Kwa matoleo kama hayo utashindana na watu wenye pesa. Kwa matoleo ya wiki za kawaida, hushindani na mtu, na uchongaji ni uleule.

Nunua toleo zima, kurasa 16 zote. Toleo zima linakuonyesha tarehe, linathibitisha uhalisi, na mara nyingi mkunjo wake haukuguswa. Jihadhari na nakala zilizochapwa upya miaka ya 1960, Marekani ilipokuwa inaadhimisha miaka 100 ya vita vile. Karatasi yake ni sare mno, na ukiitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 mistari myembamba imeshikana na kuwa weusi mtupu. Kwenye chapa halisi kila mstari umesimama peke yake, na ukipapasa nyuma ya maandishi kwa kidole unasikia yalivyobonyea.

*2. Gleason's Pictorial, baadaye Ballou's Pictorial, Boston, 1851 hadi 1859.* Hili linadharauliwa bure. Hakuna vita ndani yake, kuna mandhari ya miji, meli, viwanda na maonyesho. Karatasi ni nzuri na mahitaji yake ni madogo. Kazi za mwanzo kabisa za Homer magazetini, za mwaka 1857, zimo humu, na wauzaji wengi wanaangalia jina la gazeti kabla ya jina la msanii. Hiyo ndiyo nafasi yako. Mara nyingi yamejalidiwa, kwa hiyo uliza ushonaji.

*3. Frank Leslie's Illustrated Newspaper, kuanzia Desemba 1855.* Leslie alikuwa mchongaji wa Kiingereza aliyepata ujuzi kwenye gazeti la London, Illustrated London News, na mbinu ya kugawa vibao kwa wachongaji wengi aliitumia kwa fujo. Habari zake ni kali. Mwaka 1858 aliwaumbua wauza maziwa wa New York waliokamua ng'ombe wagonjwa waliolishwa machicha ya viwanda vya pombe. Kasoro ni karatasi. Ni dhaifu kuliko ya Harper's, na mkunjo unakatika wenyewe bila kisu cha mtu. Likifika, lifungue mara moja juu ya meza, lipige picha, kisha liweke limelala wazi ndani ya plastiki ya poliesta. Usilikunje tena.

*4. Juzuu ya mwaka mzima.* Kwa hesabu ya bei kwa kila picha, hakuna nafuu kuzidi hii: matoleo 52 kwa kurasa 16 ni kurasa 832. Muulize muuzaji afungue ukurasa wa 8 na 9 wa toleo lolote alaze juzuu mezani. Ukilala bapa na uzi ukionekana ndani ya mkunjo, chukua, na tafadhali usiibomoe. Usipolala, ujue umeshonwa kwa ubavuni, na picha zote za katikati za mwaka huo ziko kifungoni.

*5. Kurasa mojamoja.* Kwa ukuta wa ofisini zinatosha. Chagua zile ambazo mchoro hauvuki mkunjo.

Nje ya orodha kabisa: The Daily Graphic la New York halikuwa la mbao, lilitumia fotografia na mawe ya chapa (litografia), na Machi 4, 1880 lilitoa fotografia iliyochapwa kwa vitone vidogo. Currier & Ives, wachapaji wa New York, nao ni chapa ya mawe. Ni vitu vizuri, ila si hivi. Na lile New York Herald la Aprili 15, 1865 lenye habari ya kuuawa kwa Lincoln limenakiliwa mara nyingi mno tangu karne ileile. Ukiliona sokoni, anza kwa kuamini ni nakala.

Wanaotafuta Zanzibar na Ujiji

Wengi wenu mnataka michoro ya Stanley na Livingstone waliokutana Ujiji mwaka 1871, maana Stanley alitumwa na gazeti la New York, au picha za Unguja ya enzi za Sultani Barghash. Sehemu kubwa ya zinazouzwa kama "gazeti la Marekani" zimetoka kwenye Illustrated London News au The Graphic, magazeti ya London, au zimechanwa kwenye vitabu. Jani la gazeti lina jina au tarehe juu na maandishi ya safu safu nyuma. Jani la kitabu ni dogo, kama nusu ya lile, na nyuma mara nyingi ni tupu au lina safu moja pana. Jani la gazeti likiwa limekatwa juu hadi tarehe imeondoka, jiulize nani alitaka tarehe iondoke.

Kuhusu bei, na hawa wauzaji

Neno "adimu" limechosha. Wakati wa vita Harper's Weekly liliuza zaidi ya nakala 100,000 kwa wiki, kwa senti 6, baadaye senti 10. Kilicho adimu ni The Southern Illustrated News la Richmond, lililochapwa upande wa Kusini wakati karatasi na wachongaji wamekauka. Hilo likiitwa adimu, kubali. Toleo la kawaida la Harper's likiitwa adimu, huyo analangua.

Mbaya zaidi ni rangi. Michongo ya Harper's ya miaka ya vita ilitoka nyeusi kwa nyeupe, yote. Ukiona bendera nyekundu na anga ya bluu, kuna mtu kakaa na brashi ya rangi za maji miaka ya karibuni, kisha kapandisha bei. Anakutoza kwa kuharibiwa kitu chako. Tena rangi huficha kiraka cha mkunjo vizuri sana, na si kwa bahati.

Kabla ya kulipa, tuma maswali haya kama yalivyo: Je, picha ya katikati ni karatasi moja au mbili? Karatasi ina upana wa sentimita ngapi, na mchoro ngapi? Imeungwa kwa kitu gani? Naomba picha ya nyuma ya mkunjo, taa ikimulika kwa ubavuni. Jibu la "gundi ya wanga na karatasi ya Kijapani" ni zuri, linaweza kubanduliwa kwa unyevu bila madhara. "Selotepu" maana yake gundi imeshaingia ndani ya karatasi na doa halitoki. "Imebandikwa kwenye ubao kwa joto" ni kuagana nayo.

Na kwenye usafirishaji, kataa bomba. Picha iliyoviringishwa hukatika pale ilipokuwa dhaifu, na unajua ni wapi. Itumwe imelala, iliyokuwa wazi ibaki wazi, katikati ya vibao viwili vya kadibodi ngumu vinavyoizidi sm 5 kila upande, ndani ya plastiki iliyozibwa. Mchango wa gharama ya kadibodi ni halali kuombwa. Mchango wa "bima" usio na namba ya bima, usilipe.