Mapitio: Phoenix, mfumo wa mishahara wa serikali ya Kanada

Phoenix ulianza kazi Februari 2016. IBM iliujenga juu ya PeopleSoft, programu ya mishahara iliyokuwepo tayari, ulipe watumishi wa umma wapatao 290,000. Programu yenyewe si mbovu. Kasoro ziko kwenye bajeti na maamuzi. IBM ilikadiria dola za Kanada milioni 274, serikali ilikuwa imetenga 155. Badala ya kuomba nyongeza, wasimamizi walipunguza uwezo wa mfumo: kati ya kazi 984 za kuchakata mishahara ambazo mfumo ulipaswa kufanya, zaidi ya 100 ziliondolewa au kuahirishwa, na majaribio ya awali yakafutwa.

Iliyoumiza zaidi ni kuondolewa kwa kazi ya kukokotoa malipo ya nyuma, yaani tofauti ya mshahara wa miezi iliyopita. Mtumishi akikaimu cheo na fomu ikachelewa, karani alilazimika kukokotoa tofauti kwa mkono. Na makarani wazoefu (hapa ndipo mtu unashika kichwa) walikuwa wameshapunguzwa, na sehemu kubwa ya kazi ikahamishiwa kituo kimoja, katika mji wa Miramichi. Mafaili yakarundikana, wengine wakalipwa pungufu, wengine kupita kiasi.

Nyota moja kati ya tano, nayo ni ya PeopleSoft.