Lenzi ya mkononi ya mara 10: nimeijaribu kwenye mawe ya Mwanza na Kilimanjaro

Habari zenu, karibuni sana. Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni lenzi ya mkononi, ile ambayo wanajiolojia huning'iniza shingoni. Inakuza mara 10, ndani ina vioo vitatu vilivyogundishwa pamoja, na nimeinunua shilingi 40,000. Nimekaa nayo miezi miwili.

Jambo moja kwanza, maana wengi tunakosea hapa. Usinyooshe mkono ukaishika juu ya jiwe. Ibane karibu na jicho, halafu lilete jiwe taratibu mpaka ibaki kama sentimita 2 na nusu. Na toka nje, jua liangukie jiwe.

Haya, hili ni itale la Mwanza. Chembe zake ni kubwa, hata bila lenzi unaziona. Zile zinazofanana na chupa iliyovunjika ni madini ya kwatzi. Sasa naligeuza kidogo... mmeona pale palipometa ghafla? Hiyo ni feldispa, madini mengine, yenyewe hupasuka kwa nyuso bapa. Vyeusi vinavyobanduka kama karatasi ni ulanga. Magma yake, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, ilipoa chini kabisa ardhini, polepole mno, zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu iliyopita, ndiyo maana fuwele zilipata muda wa kukua.

Lakini jiwe lililonifanya niipende lenzi hii ni hili hapa. Nimeliokota mtoni chini ya Kilimanjaro, nje ya hifadhi. Ni lava ya Kibo. Tazama hizi fuwele za feldispa, zina umbo la uru kwenye karata! Zimezungukwa na kitu cha kijivu ambacho kwa macho matupu ungesema ni saruji. Weka lenzi sasa. Unaanza kuona vijichembe vidogo vidogo, na kuna sehemu ni laini kiasi kwamba hata lenzi inashindwa. Yaani jiwe moja limepoa kwa awamu mbili: fuwele kubwa zilikulia chini, magma ikiwa bado imetulia chumbani mwake, kisha volkeno ikatapika, na uji uliobaki ukaganda haraka huku juu. Kila nikilitazama nasisimka.

Nilinunua pia ya bei rahisi iliyoandikwa mara 30, ina taa pia. Msiichukue. Lenzi ya mara 30 kweli ingenilazimisha kusogea chini ya sentimita 1, ila hii inaonyesha vizuri kwenye sentimita 2 na nusu, sawasawa na ya mara 10, yaani hiyo 30 si kweli. Na kingo zake zinatoa rangi rangi, huwezi kuamini rangi ya madini.

Kasoro za hii ya mara 10 ni skrubu ya mkunjo, ambayo imelegea ndani ya mwezi mmoja, na haikuja na kamba. Halafu usiifute kwa shati. Vumbi la mawe lina kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo, itakwaruza. Puliza kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini.

Kwa mwanafunzi wa jiografia au mchimbaji mdogo, chukua hii, na ukaze skrubu kabla hujaingia nayo porini. Wa Mbeya, niambieni mawe ya mto gani nianze nayo nikija huko Rungwe.