Funguo mpya za Gotoh kwenye gitaa langu la umeme: zilichoponya na zilichoacha

Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na kero yangu ya muda mrefu ilikuwa uzi wa tatu. Mkishaingia sebene, solo na ridhimu zinajibizana noti kwa noti, kinanda nacho hakishuki wala hakipandi, kwa hiyo uzi ukilegea kidogo tu watu wanasikia hata kama hawajui kasoro iko wapi.

Gitaa lenyewe ni la umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la Fender, la bei ya kawaida, lina shingo nzuri na pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) ninazozipenda. Funguo za kutyunia, zile za kichwani zinazokaza na kulegeza nyuzi, ndizo zilizokuwa zimechoka. Ukizungusha kishikio, kilikwenda patupu kwanza ndipo nguzo inayobeba uzi isogee. Meno ya gia yakishalika hivyo, ukityuni kwa kushusha uzi ule mwanya unabaki ndani, na uzi unajilegeza wenyewe ukishaanza kuuvuta kwa kidole. Ndiyo maana wazoefu hushusha chini ya noti kisha wakapanda nayo.

Nilinunua Gotoh SG381 zenye kufuli, seti ya sita za upande mmoja wa kichwa, kazi ya Japani. Uwiano wa gia ni 1:16, maana yake kishikio kinazunguka mara 16 nguzo ikizunguka mara moja. Mkononi unaihisi mara moja: noti inapanda taratibu, unaikamata pale pale unapoitaka, na ukirudisha nyuma hakuna mwanya wowote. Bei si ndogo kwa gitaa kama langu, ila sijaijutia.

Kufuli liko nyuma, ni gurudumu dogo la kukaza kwa vidole. Unapitisha uzi kwenye tundu la nguzo, unauvuta unyooke, unakaza gurudumu, na pini iliyo ndani ya nguzo inaubana. Halafu unapandisha. Uzi unafika kwenye noti hata kabla haujamaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo hakuna ile mizunguko ya uzi kwenye nguzo inayojikaza polepole wimbo baada ya wimbo. Koleo usiliguse hapo, vidole vinatosha kabisa. Uzi ukikatika jukwaani nabadilisha wakati mwimbaji anasalimia watu.

Kuzifunga ni kazi ya bisibisi na spana namba 10, lakini pima kwanza matundu ya kichwa cha gitaa. Hizi zinahitaji tundu la milimita 10. Magitaa mengi yenye funguo za mtindo wa zamani yana matundu membamba kuliko hayo, na kuyapanua ni kazi ya fundi mwenye rima, kifaa cha kupanua matundu taratibu, maana keekee ya haraka hupasua rangi na mbao. Yangu yalikubali bila kuguswa. Matundu ya skrubu za zamani hayakulingana na mapya, nikayaziba kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikakauka, ndipo nikatoboa upya. Skrubu ni ndogo sana, zipake sabuni kabla ya kuzizungusha, zisije zikakatikia ndani.

Sasa, ambacho hazikuponya. Uzi wa tatu uliendelea kunisumbua, japo kidogo. Nikiutyuni nilisikia “tik!” kisha noti inaruka. Sauti hiyo haitoki kwenye ufunguo. Inatoka kwenye kile kipande cheupe kinachopitisha nyuzi kati ya kichwa na shingo: mfereji wake ulikuwa mwembamba, uzi unakwama halafu unachomoka. Fundi aliupanua kwa tupa nyembamba, nami nikausugua kwa risasi ya penseli. Hapo ndipo gitaa likatulia hasa, hata nikitumia mkono wa trimolo, ule wa kuyumbisha noti. Gitaa lako likitoa mlio huo, anzia hapo, ni matengenezo ya bei ndogo na huenda usihitaji funguo mpya kabisa.

Uzito nao umeongezeka kichwani. Nikipiga nimekaa, shingo inataka kuinama, hivyo navaa mkanda hata mazoezini.

Mpiga ridhimu wetu amezipenda na anataka za kwake. Gitaa lake ni la funguo tatu kwa tatu, kwa hiyo seti kama yangu haimfai, na matundu yake ni yale membamba. Nimemshauri atafute zenye kufuli za kipimo cha matundu hayo, asiligeuze gitaa zuri lifuate funguo.