Walioniprintia mabango ya Juni 16 hapa Majengo, Dodoma: kazi safi, ringi za kufungia kamba chache

Wadau wa Dodoma habari zenu. Naandika hii kwa yeyote anaetaka kuprinti bango, hasa walimu wenzangu, maana mi nimehangaika karibu wiki nzima kabla ya kulipata hili duka na ningelijua mapema nisingepoteza hela.

Kazi ilikuwa ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Shule zimefunga ila kidato cha nne wangu wako kambi, nikasema mwaka huu hatuishii kwenye ngoma na soda, hawa ni wakubwa, wajue hii siku imetoka wapi. OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, waliiweka wakikumbuka watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi Juni 16, 1976, lakini ukiuliza mtaani kwanini ni tarehe hiyo wengi hawana jibu. Nikaandaa mabango matatu.

Duka la kwanza silitaji. Niliwaachia flashi yenye picha na maneno, kesho yake narudi nakuta dizaina kaweka maputo ya rangi rangi na katuni za watoto wanaruka, kwasababu kaona neno mtoto basi kajua ni bethdei. Hayo yangefutika. Kilichoniuma ni picha. Ni ile ya Soweto aliyopiga mwandishi Sam Nzima, wengi mmeiona, kijana Mbuyisa Makhubo kambeba mikononi Hector Pieterson, mwanafunzi aliyepigwa risasi siku hiyo, na pembeni dada yake Hector, Antoinette, anakimbia kanyoosha kiganja. Sasa ili picha ienee kwenye nafasi yake, dizaina kamkata dada. Namuuliza huyu binti yuko wapi, ananijibu picha ilikuwa pana mwalimu, nikaona yeye sio wa muhimu. Jamani. Anakimbia na mdogo wake anakata roho, halafu sio wa muhimu! Nikachukua flashi yangu nikaondoka, na advansi sikurudishiwa mpaka leo.

Mwalimu mwenzangu ndo akanielekeza hapa Majengo, sio mbali na soko, ubao wao umeandikwa STESHENARI NA UCHAPAJI tu, jina lingine hawana. Mbele kuna dada wa fotokopi, nyuma kuna kijana wa mashine kubwa. Huyo kijana ndo sababu ya mi kuandika.

Kwanza aliikuza picha kwenye kompyuta akanigeuzia kioo, akasema shikamoo mwalimu naomba uone, hii umeitoa WhatsApp, nikiitoa mita mbili sura yote itapasuka, nitafutie kubwa zaidi. Angeweza kula hela yangu akanyamaza. Nikaitafuta nikapata. Akaprinti sampo ya A3, nyeusi ikatoka kama ya kijani kijani, akaitupa bila mi kusema neno, akarekebisha wino akatoa nyingine. Pale ukaona hadi mikunjo ya ovaroli la Mbuyisa.

Pili, anasoma anachoprinti. Alisoma maneno yote kwa sauti, akasimama, mwalimu hapa juu umeandika Hector ana miaka 12 na kule chini 13, ipi? Ni 12. Makosa yangu, na bila yeye yangening'inia mbele ya wanafunzi sitini.

Halafu akauliza, kwani waligoma nini? Nikamweleza pale pale mashine ikinguruma. Kwamba makaburu walikuwa na sheria ya Elimu ya Kibantu toka 1953, mtoto mweusi asomeshwe kiasi cha kuwa kibarua wao, ikafika 1974 wakaagiza hisabati na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo hata walimu wengi hawakuiweza. Sisi tunaoona mtoto anavyoganda kidato cha kwanza akikutana na Kiingereza tunaelewa hii kitu, sasa weka na lugha ya anaekukandamiza juu yake. Mei 1976 wanafunzi wa Orlando West Junior wakagoma kuingia darasani, shule nyingine zikafuata, Juni 16 wakaandamana kwa maelfu, polisi wakaja na mbwa na mabomu ya machozi kisha risasi. Mpaka Februari 1977 tume ya serikali yenyewe ilihesabu waliokufa 575.

Bango la pili ndo lilimkalisha chini. Ni la Cape, huko huko Afrika Kusini, mwaka 1985, wanafunzi wamegoma miezi, Septemba serikali ikafunga shule 464 kwa mpigo, wazazi na walimu wakaenda kuzifungua wenyewe. Oktoba 15 pale Athlone polisi wakajificha ndani ya makreti nyuma ya lori la reli, lori likapita mtaani mara ya kwanza, likarudi, vijana waliporusha mawe wakachomoka wakafyatua. Waliouawa ni Michael Miranda miaka 11, Shaun Magmoed 15, Jonathan Claasen 21. Kijana akanyamaza kidogo, akaniuliza naweza kuyakuza haya majina mwalimu, umeyaandika madogo sana. Akayakuza.

Kulikuwa na mzee kaja kutoa kopi za karatasi za kiwanja, akavuta kiti. Kumbe mtu wa Kongwa, anasema utotoni aliwaona wale wapiganaji wa ANC, chama kilichopigana na makaburu, maana kambi yao ilikuwepo pale toka 1964, na wakicheza mpira na wenyeji. Nikamwonyesha bango la tatu, la Mazimbu kule Morogoro, lile shamba la zamani la mkonge ambapo watoto waliokimbia baada ya Soweto walijengewa shule yao toka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mzee akasema hao wa Mazimbu ni wadogo zao wale wa kwetu Kongwa, nikamwomba ruhusa hayo maneno niwaambie wanafunzi, akakubali.

Sasa kasoro. Waliniahidi Alhamisi nikapata Ijumaa saa moja usiku, umeme ulikatika na jenereta yao haiwezi ile mashine. Na ringi za kamba waliweka nne tu, moja kila pembe, kwa bango la mita mbili na upepo wa Dodoma wa Juni mnaujua, mpaka saa tatu asubuhi pembe moja ilishachanika na bango la Athlone limejikunja majina hayasomeki, wanafunzi wawili wakasimama wanalishikilia kwa mikono mpaka nilipomaliza kuongea. Nilipiga simu, kijana akaja na bodaboda na kifaa chake akaongeza ringi sita bila kunidai.

Bei 12,000 kwa mita ya mraba, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa kwahiyo mhasibu wa shule hatakusumbua. Mkienda muombeni sampo ya A3 kwanza, picha msipeleke ya WhatsApp, na ringi semeni kila nusu mita.