Mabati ya kuezekea kwenye mvua na upepo wa Uganda: yapi ununue, yapi uyaache

Anayejenga visiwani Kalangala, kwenye miteremko ya Bududa au juu ya vilima vya Kampala ajue kwamba adui wa paa si mvua peke yake. Upepo unaotangulia mvua ya radi ndio unaoezua nyumba: unanyonya bati kutoka juu, na wakati huohuo unalisukuma kutoka chini ya upenu. Bati linaloshikwa vibaya hung'oka hata likiwa zuri namna gani. Kwa hiyo hapa tunapanga mabati kwa unene na upako, kisha tunakaa kwenye skrubu na mbao, ambako watu wengi hubana pesa pasipostahili.

Kwanza geji, yaani namba ya unene wa bati. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba: G26 ni karibu milimita 0.5, G28 karibu 0.4, G30 karibu 0.3, na G32 karibu 0.25. Usitosheke na namba iliyoandikwa kwenye bati. Nenda na maikromita (kifaa cha kupima unene mdogo), na uulize unene wa chuma kabla ya rangi, kwa sababu rangi nayo inahesabika kwenye kipimo. Kama huna maikromita, tumia mizani. Chuma cha unene wa milimita 1 kina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 3 lililotengenezwa kwa karatasi ya upana wa sentimita 91 kabla ya kukunjwa linapaswa kuwa na karibu kilo 8.5 kama ni la 0.4, na karibu kilo 6.5 kama ni la 0.3. Tofauti ya kilo 2 mkono wenyewe unaisikia. Angalia pia alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na umwambie muuzaji aandike kwenye risiti geji, milimita na aina ya upako. Anayekataa kuandika, mwache na bati lake.

1. Aluzinki ya rangi, G28, iliyokatwa kwa urefu wa paa lako. Hili ndilo chaguo la nyumba nyingi. Upako wa aluzinki ni aluminiamu asilimia 55 na zinki karibu 43, na silikoni kidogo, nao hustahimili mvua kwa muda mrefu kuliko zinki tupu. Ukiwa ufukoni mwa Ziwa Victoria au juu ya kilima kisicho na miti, panda hadi G26. Ukiwa na fedha kidogo, chukua isiyo na rangi lakini usishuke geji. Onyo moja: bati hili halipatani na mvuke wa samadi, kwa hiyo usiezekee banda la ng'ombe au kuku.

2. Vigae vya chuma vyenye chenga za mawe. Kelele ya mvua hupungua sana, na kwa kuwa vipande ni vidogo na hufungwa ukingoni mwa mbele, upepo hauvipati kwa urahisi. Gharama yake iko kwenye mbao. Vigae hivi hutaka papi (mbao zinazolala chini ya bati) kila sentimita 37 hivi, wakati bati refu la G28 linatosheka na sentimita 90. Hesabu karibu mara mbili na nusu ya mita za papi. Mwaga maji ya mvua za kwanza kabla ya kuanza kuyakinga, maana chenga zilizolegea hushuka nayo.

3. Bati la rangi lenye umbo la kigae. Linapendeza. Lakini mengi yanayouzwa kwa bei ya chini ni G30, na umbo haliongezi unene. Likiwa G28 halisi, ni zuri.

4. Bati la zinki la migongo, G30. Jikoni la nje, stoo, choo. Si nyumba ya kulala mahali penye upepo.

G32 usinunue kabisa. Kichwa cha skrubu hubaki kwenye mbao, bati likapasuka kukizunguka na kuondoka.

Sasa idadi. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la pande mbili lenye mteremko wa nyuzi 20, upenu sentimita 60, na sentimita 50 za kuchomoza kila mwisho. Kila upande wa paa ni mita 11 kwa 4.9, jumla karibu mita za mraba 108. Bati linalofunika sentimita 76 baada ya kupandana hutaka mistari 15 kila upande, yaani mabati 30 ya mita 4.9. Ukinunua ya mita 3 utahitaji 60, na hata ukiyapandanisha kwa sentimita 20 utakata na kutupa karibu mita 27, sawa na mabati 9 mazima. Tena umeweka maungio 30 ya kupandana ambako mvua inayosukumwa na upepo inaweza kuingia. Agiza urefu mmoja.

Skrubu za paa hilo ni karibu 800, yaani 7 kwa kila mita ya mraba, zenye washa ya mpira. Chukua urefu wa milimita 55 au zaidi, ili baada ya kupita mgongo wa bati zibaki angalau milimita 30 ndani ya mbao. Piga juu ya mgongo, si bondeni maji yanakopita. Katikati ya paa ruka migongo miwili, lakini kwenye upenu, kofia (bati linalofunika kilele cha paa) na kingo za mwisho piga kila mgongo au ruka mmoja tu: kingo ndizo zinazonyonywa zaidi. Mpira ukibonyea hadi kuchomoza pembeni, skrubu imekazwa kupita kiasi na itavuja. Misumari ya bati hulegea mbao zikikauka, na mkalitusi mbichi unakauka huku ukijipinda.

Mara nyingi paa huondoka pamoja na mbao zake. Papi iliyopigwa msumari mmoja wima juu ya kenchi hung'oka kama kizibo. Piga miwili kwa mshazari, kisha zungusha ukanda wa chuma kuanzia papi hadi kwenye kenchi. Kenchi nayo ifungwe kwenye nondo zilizoachwa ndani ya ringi bimu (mkanda wa zege juu ya kuta) wakati wa kumwaga zege, kwa hiyo mwambie fundi mapema. Kwenye kingo weka papi kila sentimita 60. Baraza uiezeke kwa paa lake la pekee, ili ikichukuliwa isivute la nyumba. Kama uwezo upo, paa la pande nne huvumilia upepo kuliko la pande mbili.

Anza kupanga mabati kutoka upande usikotoka upepo, maungio yaupe kisogo. Kata kwa mkasi wa bati. Cheche za grainda huunguza upako na kubaki juu ya bati zikiota kutu. Usizibe kofia kwa saruji mbichi, kwa kuwa inaila aluzinki. Tumia sponji zenye umbo la bati.

Siku ya kupokea mzigo, pima bati moja kutoka kila fungu kabla dereva hajaondoka. Yahifadhi yakiwa yameinama kidogo, juu ya mbao, penye kivuli na hewa. Maji yakinaswa katikati ya mabati yaliyobebana, kutu nyeupe huanza hata kabla fundi hajaleta ngazi.