Daraja la mbao la kuingizia pikipiki ndani: uzoefu wangu baada ya mwaka

Nimepanga Mbagala, kwenye nyumba yenye kibaraza kirefu cha ngazi tatu. Nilipima kwa futi kamba nikapata sentimita 54 kutoka chini hadi juu. Pikipiki yangu ni Boxer, na kwa muda mrefu nilikuwa nailaza kwa watu kwa shilingi 1,000 kila usiku. Asubuhi naikuta mafuta yamepungua, siku nyingine kioo kimegeuzwa. Ukiuliza, kila mtu ndiyo kwanza anaamka.

Nikamwomba mzee mwenye nyumba nimwage zege kidogo, niweke mteremko pembeni ya ngazi. Akaniangalia, akaviangalia vigae vyake, akasema, "Mwanangu, siku ukihama hilo zege utaondoka nalo?" Hapo hoja ikafa. Fundi wa kuchomelea alitaka 180,000 kwa daraja la chuma. Ndiyo nikaangukia kwenye mbao. Wengine wanaita rampu. Kwetu mtaani ni daraja tu.

Daraja la kwanza lilikuwa la aibu, na nalieleza kwa sababu naona watu wanalirudia kosa lile lile. Nilinunua ubao mmoja wa paini, inchi 2 kwa 8, futi 12. Ili nisilipe guta, nikamwambia kijana wa mbao aukate katikati, tukaupakia kwenye bajaji. Nikawa na vipande viwili vya futi 6: kimoja cha magurudumu, kingine nipite mimi. Nikaviegemeza kwenye kibaraza, nikaona kazi imekwisha. Hata msumari mmoja sikupiga.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza kunyunyiza. Nikawasha pikipiki, gia ya kwanza, natembea pembeni huku naachia klachi taratibu. Gurudumu la mbele likapanda vizuri. La nyuma lilipokanyaga ubao nikaongeza moto kidogo, na ubao ukachomoka kwa nyuma kama ulimi. Sikuwa nimefikiria kitu kimoja: gurudumu la nyuma linapovuta pikipiki kwenda mbele, linausukuma ubao urudi nyuma. Usipofungwa juu, lazima utoke. Boxer ina zaidi ya kilo 100 bila mzigo, na zote zilikuja upande wangu. Mkono wa klachi ulivunjika, indiketa ikavunjika, na muundi wangu ukabaki na alama ambayo bado ipo. Jirani yangu Baba Salma alitoka na msuli wake, akainyanyua pikipiki, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Sasa shemeji, huu ubao ulikuwa umeushikiza na nini?"

Kosa la pili lilikuwa urefu. Futi 6 kwa kimo cha sentimita 54 ni mwinuko wa kama nyuzi 17, na ukiwa unasukuma pikipiki unausikia mgongoni. Nilipokwenda kununua ubao wa pili niliukata futi 9, ukashuka hadi kama nyuzi 11. Tofauti yake si ya kusimuliwa, mpaka uisukume mwenyewe.

Safari hii nilimlipa fundi seremala nusu siku, mimi nikawa msaidizi. Ubao wa 2 kwa 8 ukilazwa peke yake kwa urefu huo unabonyea katikati, unaona kabisa. Akaweka chini yake mbao mbili za 2 kwa 4 zilizosimama kwa ubavu. Akanionyesha kwa mkono: ubao uliolala unapinda, ule ule ukiusimamisha haupindi. Mbao hizo za chini hazikufika hadi mwisho. Zimeanzia kama nusu mita kutoka ncha ya chini, maana kule daraja linakaribia ardhi na hazina pa kukaa. Ncha yenyewe ya chini aliichonga kwa randa iwe mshazari. Bila hivyo gurudumu linagonga ukingo wa inchi 2 kabla hata hujaanza kupanda, na mkono unaanza kuyumba mapema.

Tulitumia bolti pale mbao zinapokutana, misumari kwa vitu vidogo tu. Msumari kwenye paini, kwa kitu kinachotikiswa kila siku, unajitoa wenyewe taratibu.

Kuhusu mbao: nilichukua paini ya dawa, yaani iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, zinazoshuka kutoka Mafinga. Nilishauriwa mkaratusi kwa sababu ni mgumu, lakini uliokuwepo ulikuwa mbichi, na mkaratusi mbichi unajinyonga ukikauka. Mninga kwa daraja la kukanyagwa na tope ni kujionyesha tu. Jambo moja ambalo muuzaji hakuniambia: vipande vya mbao za dawa visipelekwe jikoni. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki, na moshi wake ni sumu. Nilimkuta mama watoto ameshavipanga karibu na mafiga, nikaviokoa.

Utelezi ndio ulionisumbua zaidi. Nilijaribu vibanzi vya kupitisha mlalo, vikawa vinaruka kimoja kimoja. Mwishowe nilikwenda kwa mzee anayetengeneza katambuga, akanikatia mikanda ya tairi kuukuu la gari kwa bei ya soda mbili. Nikaipigilia mlalo kila baada ya kiganja. Masika yote imeshika. Hii peke yake naipa nyota tano.

Juu nimetoboa tundu mbili na kupitisha mnyororo unaozunguka nguzo ya grili. Ni ule ule niliokuwa nafungia pikipiki nilipokuwa nailaza nje.

Kupanda sasa ni sekunde chache: mimi kwenye ngazi, pikipiki kwenye daraja, gia ya kwanza, vidole kwenye klachi. Kushuka ndiko kunakotaka akili, kwa sababu sebule yangu ni ndogo na siwezi kuigeuza. Inabidi itoke kinyumenyume. Mara ya kwanza nilishika breki ya mbele, gurudumu likateleza lote kama nimelipaka sabuni. Ukishuka kinyumenyume uzito wote uko nyuma, la mbele halina kitu. Dawa yake ni kuzima injini, kuweka gia ya kwanza na kutumia klachi kama breki: ukiibana inashuka, ukiiachia inasimama. Fanya mazoezi mchana kabla hujajaribu alfajiri ukiwa na usingizi.

Ubaya wake upo. Daraja lina uzito kama wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na kulitoa na kulirudisha kila siku kunachosha. Mama watoto hawezi kulibeba peke yake. Sebule inanuka petroli, kwa hiyo koki ya mafuta naifunga kila usiku na dirisha linabaki wazi. Ncha ya juu imeanza kuchanika nyuzi pale inapokwaruzana na vigae, nami nimeifunga kipande cha mpira kwa muda. Pia nililipaka oili chafu kuzuia mchwa, na hilo najuta: mbao za dawa hazikuhitaji, na suruali zangu mbili zimeharibika.

Jumla, ukiondoa ubao wa kwanza na mkono wa klachi, nilitumia chini ya 80,000 pamoja na fundi. Kwa 1,000 ya kila usiku, ilirudi kabla ya miezi mitatu.

Mwezi uliopita Baba Salma aliliazima kupandishia friji, na wiki hii mzee mwenye nyumba ameniuliza kama nikihama nitamwachia. Nimemkumbusha lile zege.