Premiksi ya unga kwa sungura wa nyama: uzoefu wangu, Arusha

Premiksi hii, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, niliinunua pakiti ya kilo moja kwenye duka la dawa za mifugo karibu na Soko la Kilombero. Inafanya kazi, lakini kwa anayechanganya chakula mwenyewe tu. Peleti za kiwandani tayari zina vitamini na madini. Ukiongeza premiksi juu yake unapoteza hela, na vitamini D ikizidi, kalsiamu huganda kwenye mishipa na figo. Vitamini za kundi B zisikuumize kichwa: bakteria wa tumboni huzitengeneza, naye sungura huzipata anapokula kile kinyesi chake laini. Kwenye lebo mimi naangalia A, D na E, kisha zinki na madini joto.

Lebo yangu inasema gramu 250 kwa kilo 100 za chakula. Mchanganyiko wangu ni pumba za mahindi kilo 38, pumba za ngano 25, mashudu ya alizeti 25, majani makavu ya lusina (mti wa malisho) 10, chokaa ya mifugo kilo moja na robo, chumvi nusu kilo. Lusina usizidishe, ina mimosini inayonyonyoa manyoya.

Ukiimwaga premiksi yote juu ya lundo, sungura mmoja atapata dozi ya sungura kumi na mwingine hapati kitu. Anza kwa kuichanganya na kilo moja ya pumba za ngano, koroga, ongeza hadi tano, kisha ishirini, ndipo uingize kwenye lundo na kugeuza kwa koleo mara nne au tano. Unga mkavu huwapigisha chafya, tena premiksi hutuama chini ya chombo. Nyunyiza maji kidogo mpaka ushikane kiganjani. Utakaobaki jioni mwaga, maana huota ukungu. Anayekua namwekea gramu 80 hadi 100 kwa siku, na nyasi kavu hazikosekani kizimbani.

Malalamiko yangu ni kwa muuzaji: kwanza alinipa "vitamini ya kuku, ni ileile". Si ileile! Lebo ilionyesha linkomaisini, dawa inayoua bakteria wazuri wa sungura. Anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Ampisilini ya kunywa hufanya hivyohivyo. Premiksi za kuku wa nyama nazo huweza kuwa na narasini, sumu kwa sungura. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu kupita kiasi, utaona mkojo mzito mweupe.

Wala premiksi isichukuliwe kama tiba ya kokisidiosi, ugonjwa wa vimelea vya tumboni vinavyoenea kwa kinyesi. Vitoto vilivyoachishwa kunyonya vikivimba tumbo na kuharisha, angalia sakafu ya kizimba kwanza.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya ujazo: kilo moja inachanganya kilo 400, na mwenye sungura watano itamwishia nguvu kabla hajafika nusu. Gaweni pakiti na jirani, ila kila mmoja aipige picha ile lebo.